Nukta Aliyoisikia kwa Sikio Lake: Kumkumbuka Mkunga Aliyenifundisha Kazi

Wiki iliyopita tulikusanyika Ngamiani, hapa mjini Tanga, kwa hitma ya arobaini ya mwanamke aliyenifundisha ukunga. Uani palitandikwa mikeka kutoka mlangoni hadi penye mwarobaini, wanawake tukakaa huko na wanaume wakakaa barazani, na baada ya kisomo mzee mmoja wa ukoo akaeleza kwa ufupi maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alisomea wapi, alifanya kazi katika vituo gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Akasema kwamba alikuwa mpole, mwenye huruma na mcha Mungu. Kisha shehe akatukumbusha aya ya 32 ya Suratul Maida, isemayo kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameziokoa nafsi za watu wote, nasi sote tukaitikia dua.

Hakuna neno katika hayo lisilokuwa la kweli. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiona kwamba nina deni kwa marehemu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa ukunga na ninajua kwamba upole hauzuii damu ya mzazi, wala huruma peke yake haimfanyi apumue mtoto aliyezaliwa bila kulia. Nafsi zile ziliokolewa kwa namna fulani, kwa mikono, kwa masikio na kwa kalamu, na namna hiyo hatuielezi misibani, labda kwa kuwa ni wachache walioiona. Mimi niliiona kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi wake na baadaye nikiwa mwenzake wa zamu.

Wanawe wameniomba nisiandike jina lake, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa, nami nimekubali. Nitamwita Mama Mkunga, kama alivyoitwa na mtaa wake mzima. Alikuwa Mdigo, binti wa mwalimu wa madrasa. Mimi ni Mbondei wa Muheza, Mkristo wa kanisa lililoanzia Magila, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walijenga kituo chao katika karne ya 19. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mambo ya imani yake nayasimulia kama mtu aliyekaa karibu na kutazama, si kama mtu aliyelelewa ndani yake.

Nianze na karatasi. Mama anayeingia wodi ya wazazi akiwa na uchungu hufunguliwa karatasi moja iitwayo patografu. Mfano wake wa kwanza wa aina hii ulichapishwa mwaka 1972 na madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, mahali ambapo wakunga walikuwa wengi kuliko madaktari na ilibidi mkunga ajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali kubwa na ni yupi anaweza kusubiriwa alipo. Mkunga huchora jinsi njia inavyofunguka, sentimita kwa sentimita, kadiri saa zinavyokwenda. Kuna mstari wa tahadhari unaopanda sentimita moja kwa kila saa, na upande wake wa kulia, umbali wa saa nne, kuna mstari wa hatua. Mchoro wa mama ukivuka mstari wa kwanza, mkunga wa zahanati anapaswa kuanza kutafuta usafiri. Ukifika wa pili, hakuna tena kusubiri bila kuamua jambo. Juu ya mchoro huo kuna nafasi ya mapigo ya moyo wa mtoto, yanayotakiwa kusikilizwa kila nusu saa, na chini yake kuna idadi ya uchungu katika kila dakika kumi, shinikizo la damu la mama, joto lake na mkojo wake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya iliyoondoa mistari ile miwili na inayohesabu uchungu wa kasi kuanzia sentimita 5 badala ya 4. Lakini karatasi ya zamani na mpya zinategemea jambo lilelile, kwamba kilichoandikwa humo kilitokea kweli.

Nililijua hilo kwa aibu. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya mkoa huu, tukiwa wanafunzi wawili na muuguzi mmoja kwa akina mama tisa. Ilipokaribia alfajiri nilitazama karatasi za akina mama watatu niliokabidhiwa nikaona mapengo ya saa mbili nzima. Nilichukua kalamu nikajaza nukta za mapigo ya moyo wa watoto: 140, 138, 142, tena 140. Wenyewe kazini tunaita kupika takwimu, na wengi huanza hivyo hivyo, usiku mmoja wa kuchoka.

Mama Mkunga aliingia kwa ajili ya zamu ya asubuhi, akazisoma karatasi zile kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakusema kitu mbele ya wenzangu. Aliniita kwenye stoo ya mashuka, akaniwekea karatasi tatu juu ya rafu na kuniuliza, "Mwanangu, nukta hizi ulizisikia au ulizitunga?" Nilijibu kwamba nimezitunga. "Haya, chukua fetoskopu twende tukazisikie."

Fetoskopu ni kile chombo cha mbao au cha aluminiamu chenye umbo la tarumbeta, ambacho mkunga huweka upande mmoja juu ya tumbo la mama na upande wa pili sikioni, kisha huachia mkono ili sauti isichanganyike na msuguano wa vidole. Yeye alinifundisha asubuhi ile mambo ambayo nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani bila kuyaelewa. Hesabu dakika nzima, wala usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, kwa sababu moyo wa mtoto aliyechoka unaweza kwenda vizuri kwa sekunde hizo kumi na tano na kuzembea katika zinazofuata. Sikiliza mara tu uchungu unapoachia, kwa kuwa hapo ndipo mtoto aliyekosa hewa hujionyesha. Mkono wako mwingine ushike mshipa wa mama kwenye kifundo cha mkono, ili usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mtoto. Mama wa kwanza alikuwa salama. Kwa mama wa pili tulisikia mapigo 104 tu baada ya uchungu, nayo yakachelewa sana kupanda. Tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, daktari akaitwa, mtoto akatolewa kwa upasuaji kabla ya saa mbili asubuhi, naye alilia.

Kwenye karatasi yangu moyo wa mtoto huyo ulikuwa 140.

Baada ya zamu alinikalisha kwenye benchi nje ya wodi. Nilitegemea anipeleke kwa matroni, naye alikuwa na haki hiyo. Aliniambia kwamba kwake yeye nukta isiyosikiwa ni ushahidi wa uongo, na kwamba anaamini ataulizwa na Mola wake juu ya karatasi zile kama atakavyoulizwa juu ya sala zake, kwa sababu mama anayekupa tumbo lake ulisikilize amekupa amana. Akaongeza kwamba kama sikupata nafasi ya kusikiliza, niache pengo. Pengo ni la kweli, na mwenzako wa zamu inayofuata akiliona atajua aanzie kwa mama gani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kuacha pengo bila kuogopa, na wakati mwingine nimegombana na wasimamizi wanaopenda karatasi iliyojaa.

Neno amana alilitumia pia kwa kitu ambacho wengi hawangekihesabu kuwa sehemu ya uuguzi, nacho ni friji. Kabla ya kuhamishiwa hospitali alikaa miaka kadhaa katika zahanati ya kijiji upande wa barabara ya Pangani, kwenye minazi na mashamba ya mkonge. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeanza mwaka 1975, na zahanati ile ilikuwa imepewa friji la mafuta ya taa. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ya surua huharibika kwa joto, na ya pepopunda huharibika ikiganda, kwa hiyo muuguzi analinda pande zote mbili. Egometrini, ambayo siku zile ndiyo iliyokuwa dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, nayo huharibiwa na joto na mwanga.

Friji la mafuta lina tabia zake. Moto wake unatakiwa uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, utambi haujakatwa sawa au mafuta ni machafu, masizi hujaa kwenye bomba, na friji huacha kupoza ingawa moto unaonekana kuwaka. Lazima lisimame pasipo kuinama upande wowote, na lisipigwe na upepo, jambo ambalo pwani si rahisi wakati wa kusi. Kipimajoto husomwa mara mbili kwa siku na kuandikwa. Mama Mkunga alisoma chake baada ya sala ya alfajiri na baada ya magharibi. Nilipomuuliza sababu, nikidhani atanipa maneno makubwa ya dini, alisema tu kwamba saa hizo hazisahau, na kitu usichotaka kukisahau kifunge kwenye kile usichoweza kukisahau. Ni ushauri ninaoupenda kuliko mwingi niliousoma katika vitabu vya usimamizi.

Katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta ya taa yalikuwa shida kama sabuni na sukari. Bintiye mkubwa alinisimulia juu ya wiki moja ambayo mgao wa zahanati haukufika kabisa. Mama yake alinunua mafuta ya kwanza kwa fedha za nyumbani, na mumewe, aliyekuwa fundi wa reli, akalalamika kwa haki kwamba watoto nao walikuwa wanasoma kwa kibatari. Ya pili hayakupatikana hata kwa fedha. Basi mume huyohuyo akalifunga sanduku la baridi nyuma ya baiskeli, chanjo zikiwa kati ya pakiti za barafu iliyobaki, akazipeleka mjini usiku palipokuwa na friji la umeme, na baada ya siku tatu akazirudisha. Hakuwa mtumishi wa afya na hakulipwa. Jina lake halitajwi kwenye kitabu chochote cha zahanati ile, lakini kuna watoto waliopata chanjo kwa sababu ya miguu yake, na mimi ninamhesabu katika utumishi wa mkewe.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu nieleze kwa nini friji lina uzito huo. Mama anapojifungua, mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye kondo la nyuma hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba kujikaza. Isipojikaza, mama anaweza kufa katika muda mfupi sana. Siku hizi tunampa mama oksitosini, yuniti 10 kwa sindano ya paja, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na dawa hiyo nayo inahitaji baridi. Iliyokaa kwenye joto haibadiliki rangi wala harufu. Hubaki vilevile maji maangavu kwenye kichupa, na mkunga hugundua kwamba imepoteza nguvu pale tu damu inapokataa kusimama. Kwa hiyo mtu aliyesoma kipimajoto saa kumi na mbili asubuhi wiki iliyopita ndiye anayezuia damu ya mama wa leo, ingawa hayupo chumbani na mama hatamjua.

Alijifunza pia kuacha alichokijua, jambo gumu kwa mtu mwenye uzoefu. Kwa miaka mingi mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba alipewa diazepamu. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa yaliyoonyesha kwamba magnesiamu salfeti huzuia vizuri zaidi degedege lisirudi, na dawa hiyo ilipofika kwetu wauguzi kadhaa waliiogopa, kwa sababu ikizidi humfanya mgonjwa ashindwe kupumua. Mama Mkunga aliandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika juu ya meza ya dawa: kabla ya dozi inayofuata, goti liruke likigongwa, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga ikizidi, iwe imewekwa tayari pembeni. Alikuwa mtu mzima aliyekuwa akijifunza upya mbele ya vijana, na hakuona haya kuuliza.

Vifo vya uzazi nchini vimepungua: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Sababu ni nyingi, kuanzia barabara hadi vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya, nami sitaki kuzigawa sifa kwa kubahatisha. Ninachoweza kukisema ni kwamba takwimu yoyote ya afya huanzia mkononi mwa mtu. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililoanza mwaka 2009, lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Bagamoyo, mkoa wa Pwani, na Korogwe ya hapa mkoani kwetu. Chanjo hiyo ilipopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021, niliwaza juu ya wauguzi wa Korogwe walioandika joto la kila mtoto kama lilivyosomeka.

Kuhusu dini yake kuna jambo jingine ninalotaka likumbukwe. Ramadhani ilipofika kliniki ya mama na mtoto ilikuwa ikipokea wajawazito waliofunga huku wakiwa na upungufu wa damu, na pwani yetu, kwa malaria na minyoo, upungufu huo ni wa kawaida sana. Muuguzi asiye Mwislamu angeweza kuonekana anaingilia ibada. Yeye, binti wa mwalimu wa madrasa, aliwaeleza kwamba sheria yao inamruhusu mjamzito na anayenyonyesha kula ikiwa anahofia madhara kwake au kwa mtoto. Alipenda mume awepo. Mume akisita, alimwelekeza kwa shehe wa msikiti wao, na kumbe alikuwa ameshazungumza na shehe kabla mwezi haujaandama. Yeye mwenyewe alifunga, na nimemwona akifungua kwa tende moja na maji, amesimama kwenye mlango wa leba, kisha akarudi ndani kuvaa glavu.

Baba aliyetaka kumwadhinia mtoto sikioni alipewa nafasi, ila mtoto akaushwe kwanza, apumue vizuri na alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na adhana isomwe akiwa hapohapo. Mama wa Kikristo aliyetaka kuombewa na mama mkwe wake alipewa nafasi ileile kwa masharti yaleyale. Wakunga wa jadi waliomsindikiza mzazi aliwaamkia shikamoo kwanza, ndipo akawauliza uchungu ulianza saa ngapi na wamempa mama nini. Kwa kuwa waliheshimiwa, walimwambia ukweli.

Sasa familia. Alikuwa na watoto watano, na katika hitma bintiye mkubwa alisema maneno ambayo sijaweza kuyasahau: "Sisi tulimpata Mama kwa zamu." Hakuyasema kwa uchungu wala kwa sifa. Walijifunza kupika wali wa nazi wakiwa bado wanapanda kigoda kulifikia jiko, na walijua kwa sare iliyoanikwa kambani kama mama yao atalala nyumbani. Sipendi tunavyosifu wauguzi "waliojitoa" kana kwamba uchache wao ni fadhila yao. Usiku ule wa akina mama tisa haukuwa mtihani wa imani ya mtu yeyote. Ulikuwa uhaba wa watu, na waliolipa ni akina mama wale pamoja na watoto watano ambao usiku mwingine kama huo walilala Ngamiani bila mama yao. Mama Mkunga mwenyewe aliliona hivyo. Aliwahi kuniambia kwamba akina mama aliowazalisha alimwomba Mungu awape afya, lakini wanawe aliwaomba msamaha wao wenyewe, mmoja mmoja, baada ya kustaafu.

Bintiye huyo alipokuwa anajifungua mtoto wake wa kwanza, wauguzi wa wodi walimkaribisha Mama Mkunga aingie, wengi wao wakiwa wanafunzi wake wa zamani. Alikataa. Alisema akiingia watamtazama yeye badala ya kumtazama mgonjwa. Alikaa kwenye benchi la nje kama mama mwingine yeyote, kanga mbili mapajani na chupa ya uji miguuni, akivuta tasbihi, kwa saa tisa. Nilikuwa zamu siku hiyo. Kila nilipotoka aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: umesikiliza saa ngapi? Nilimtajia saa, naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea na tasbihi yake. Mara moja nilimjibu kwamba nimechelewa kwa dakika kumi. Akaniambia, "Basi rudi, mwanangu."

Jumatatu ijayo ninapokea wanafunzi wapya kumi na wanne kwa mafunzo ya wodini. Nimewaandikia waje na daftari, kalamu mbili na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde; simu nimewaambia waziache kwenye kabati. Siku ya kwanza hatutajaza karatasi yoyote. Kila mmoja atasikiliza moyo mmoja kwa dakika nzima, kisha ataniambia alichosikia.